Mtihani Nyuma ya Kitenge

Mwaka ule mimi nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa vitendo wa mitandao ya kompyuta, na mume wangu alikuwa anajiandaa kuzikwa. Yeye hakuita hivyo. Yeye aliita kutoboa maisha. Homa ya dhahabu ilikuwa imewapanda watu kichwani Tarime nzima; ukikutana na mwanaume njiani, hamjamaliza salamu ameshakuambia duara lake limebakiza kidogo kugusa mwamba. Duara ni lile shimo la wachimbaji wadogo, jembamba kama kisima na refu kuliko kisima, na mimi sijawahi kusikia duara ambalo halijabakiza kidogo.

Kazi yake machimboni ilikuwa ya huku juu, kuvuta kamba ya kupandishia viroba vya mawe. Hiyo haikunisumbua. Kilichoninyima raha ni kwamba wenzake walikuwa wamemkaribisha awe mshirika. Mshirika anatoa kitu, na mwenzangu alitakiwa kutoa maksai wa baba yake, wale wanaolima shamba la ukoo mzima, wauzwe mnadani zipatikane mbao za kushikilia kuta na pampu ya kunyonya maji. Halafu mshirika anashuka. Havuti kamba tena, anashuka mwenyewe kwa zamu, kwa sababu washirika wale walipendana sana huku juu lakini hakuna aliyemwamini mwenzake kusema ukweli kuhusu alichokiona kule chini. Kijana wa boma la jirani alishuka hivyo hivyo msimu wa mvua, kuta zikalegea, na hakupanda. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa mpaka nikawa naunguza mboga.

Silaha yangu ilikuwa cheti. Nilikuwa nimesoma mambo ya kompyuta chuoni Mwanza, na mafunzo ya kazini nikayafanyia kwenye kambi moja ya watalii Robanda, ukingoni mwa hifadhi, ambako fundi wao wa mtandao alikuwa mbioni kuhama. Meneja wa kambi aliniambia nafasi ni yangu, na nyumba ya kuishi mke na mume juu yake, mradi nilete cheti cha vitendo. Wenye vyeti vya kukariri walishampitia wengi, na kila tembo aking'oa nguzo ya mtandao walikuwa wanasimama kuitazama. Akaniazima ruta kuukuu mbili na swichi moja nikafanyie mazoezi nyumbani. Kwa asiyejua, ruta ni kasha linaloelekeza ujumbe kutoka mtandao huu kwenda ule, na swichi ni kasha linalounganisha kompyuta za mtandao mmoja. Mtihani wenyewe ulikuwa hivi: unawekewa makasha hayo mezani, unabana nyaya zake mwenyewe kwa koleo, unayaunganisha mpaka kompyuta ya huku iongee na ya kule. Kisha mtahini anaivuruga kazi yako kwa siri, na wewe unatafuta alipoharibu.

Mwenye maksai alikuwa baba mkwe, kwa hiyo kesi yetu ilifika kwake. Alitoa hukumu jioni moja hapo uani, Itiryo, akimwambia mama mkwe kwa sauti ya kutosha kufika jikoni nilikokuwa. Alisema kama kabla ya mnada wa mwisho wa mwezi kutakuwa na mtu katika boma hili mwenye kazi ya kueleweka, maksai watabaki na mwanaye atamfuata huyo mtu huko kazini. Kama hakuna, maksai watakwenda. Mume wangu akasema sawa. Mimi nikagonga sufuria kwa mwiko, maana yake na mimi sawa.

Nieleze kwa nini nilijibu kwa mwiko. Kwetu Wakurya, baba na mke wa mwanaye wanaheshimiana kwa kukwepana. Hawakai chumba kimoja, hawapeani kitu mkononi, hawatazamani usoni, na neno likihitajika linapitia kwa mtu wa katikati. Mimi nilikulia Sirari, mpakani, kwenye familia ya wafanyabiashara wenye ndugu ng'ambo ya Kenya, na pale mjini mambo haya tulikuwa tumeyalegeza; shangazi yangu alikuwa akibishana na baba mkwe wake kuhusu mpira, uso kwa uso, na dunia ikaendelea. Itiryo hawakulegeza hata uzi mmoja. Wiki ya kwanza ya ndoa nilikutana na mzee wa watu kwenye kona ya zizi, yeye akaruka kulia, mimi nikaruka kushoto, nikaangukia mbolea.

Sasa sikia balaa lenyewe. Umeme ulikuwa umefika nyumba moja tu katika boma lile, nayo ni ya baba mkwe, na soketi ilikuwa moja, sebuleni kwake, chini ya kalenda ya kanisa. Nilipendekeza tuvute waya wa umeme mpaka nyumbani kwetu. Mama mkwe akakataa katakata, akasema hataki kuona ng'ombe wake wakirushwa na umeme uani kama walivyorushwa wa watu fulani huko Ringwani. Waya wa mtandao hakuukataa, kwa kuwa nilimhakikishia hauumi. Basi makasha yakawekwa juu ya kigoda sebuleni kwa mzee, waya ukapitishwa dirishani, ukakatiza uani, ukaingia jikoni, na mimi nikakaa humo na kompyuta yangu juu ya gunia la mahindi.

Mpango ulikuwa niingie sebuleni wakati mzee yuko na ng'ombe, niunganishe mambo yangu, nitoke kabla hajarudi. Siku ya kwanza nikafanya hivyo, nikaunganisha kila kitu vizuri, nikakimbilia jikoni, na mzee akarudi. Ndipo mtandao ukakata. Nilikuwa nahitaji macho kwenye taa za ruta, maana taa ndizo zinazokuambia ugonjwa uko wapi. Mama mkwe yuko shambani, mume yuko machimboni, na mwenye macho pekee alikuwa mtu nisiyeruhusiwa kumsemesha. Nilikaa pale kwenye gunia nikiwa nimefura kama andazi. Hata mila yenyewe niliitukana kimoyomoyo, na Mungu anisamehe kwa yale niliyoyasema.

Mzee naye hakutoka. Kumbe zile taa zilikuwa zimemteka. Baada ya muda nikasikia sauti yake ikitoka dirishani, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo.

"Kuku," akasema, "naona kwenye kasha la kushoto taa ya tatu imezima."

Kuku alikuwepo kweli, anaatamia kwenye beseni pembeni ya sebule. Mtu wa katikati alikuwa amepatikana. Nilipima kama nimesikia sawasawa, kisha nikageukia upande wangu.

"Sufuria," nikasema, "mtu akiuchomoa ule waya wa njano, akauchomeka tena mpaka ulie tki, ingesaidia sana."

Nikasikia tki, na kwenye kompyuta yangu mambo yakafunguka. Nilitamani kumkumbatia sufuria.

Basi tukaanza. Asubuhi nilipomaliza kazi za nyumbani nilikuwa naketi, mzee naye anajisogezea kiti chake kule ndani, na masomo yanaendelea kati ya kuku na sufuria. Mwanzoni alinisomea taa tu. Baadaye akaanza kudai maelezo. Kuku aliulizwa kwa nini kasha moja lina anwani mbili wakati mtu mwenye boma moja ana jina moja. Nikamweleza sufuria kwamba ruta inakaa mpakani, kama watu wa kwetu Sirari, mguu mmoja huku na mwingine kule, na kila upande una jina la kuiitia. Hilo lilimfurahisha. Nilisikia kiti kikilia kwa kujigeuza.

Kosa langu, kama ni kosa, ni siku nilipomwambia sufuria kwamba kwenye mtihani mtahini atakuwa anaharibu kwa siri. Kuanzia hapo mzee yule, anayeheshimika mpaka kanisani wanamsubiri yeye akae ndipo ibada ianze, aligeuka mharibifu. Alichomoa nyaya. Alibadilishana nyaya. Alizima umeme kwenye soketi na kujikausha. Siku moja aliacha kila kitu kama kilivyo, akakohoa tu kile kikohozi chake cha kuashiria ameshaharibu, na mimi nikatafuta ugonjwa usiokuwepo mpaka jua likaanza kushuka. Mwisho nikamwambia sufuria kwa hasira kwamba mtandao ni mzima. Kule ndani mzee alicheka peke yake mpaka kuku akatoka kwenye mayai.

Siku nyingine ilikuwa mbaya zaidi, na mbaya alikuwa mimi. Mtandao ulikata katikati ya zoezi gumu, nikajua ni yeye. Damu ikanichemka. Nikasema, "Sufuria, kuna mtu mzima hapa nyumbani anacheza michezo ya kitoto wakati wenzake wana shida." Kutoka sebuleni sauti ikaja, ya upole.

"Kuku, hebu mtu aangalie uani. Ndama ana waya mdomoni."

Niliangalia. Ndama alikuwa amesimama katikati ya uwanja, anautafuna waya wangu amefumba macho kwa utamu. Nilisikia aibu hadi kwenye nyayo. Jioni nikamtuma mama mkwe apeleke kibuyu cha maziwa ya mgando, na kibuyu kikarudi kitupu, nikajua nimesamehewa. Mama mkwe mwenyewe hakuuliza kitu. Yeye faida yake ilikuwa mabaki ya nyaya. Kila kipande nilichokata baada ya kubana vibaya aliokota, akavua ganda, akawafunga kuku wake miguuni ili wasichanganyike na wa jirani. Kabla ya mwezi kuisha boma zima lilikuwa na kuku wenye bangili za chungwa, kijani, bluu na kahawia, na ukitaka kujua mimi nimeharibu nyaya ngapi unahesabu kuku.

Mume wangu alikuwa anakuja na kuondoka, mweupe kwa vumbi la mawe kama aliyeanguka kwenye unga. Jambo la kwanza akiingia, kabla ya maji, kabla ya salamu ya kueleweka, anauliza, "Umefika wapi?" Anauliza kwa sauti ya polisi wa kituo cha mpakani. Nikimwambia bado sijaweza kuunganisha pande zote anakunja uso. Siku moja aliniletea mzigo wa waya mpya aliotafuta huko huko machimboni, akautupa chini. Siku nyingine walikuja wanawake wenzangu kuniomba niende kusuka, akawafukuza mlangoni: "Mwacheni, ana mtihani."

Mimi niliitafsiri ile kwa ubaya. Nilijua ananitega. Anataka nikifeli nisije nikasema sikupewa nafasi, nisije nikasingizia waya, nisije nikasingizia wanawake wa kusuka. Na kila akirudi habari zake zilikuwa zile zile, duara limebakiza kidogo, washirika wanamsubiri, kamba ya maksai ameshaiandaa. Nilikuwa namsikiliza na kubana waya kwa nguvu mpaka koleo linaniumiza viganja.

Siku ya mtihani ilikuja, kesho yake ikiwa mnada. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikajifunga kitenge juu yake kwa ajili ya vumbi, nikapanda pikipiki mpaka Tarime mjini. Kituo kilikuwa chumba kimoja cha chuo, chenye veranda na dirisha la nondo. Watahiniwa tulikuwa wachache, tunaingia mmoja mmoja, na mlangoni alikaa mlinzi mwenye rungu, mtu mwenye uso wa huruma. Mtahini alikuwa mzee wa makamo ya baba mkwe, mwenye miwani na koti, aliyekuja kutoka Musoma. Zamu yangu ilipofika niliingia, nikasema shikamoo, akaitikia vizuri, akaniuliza kwa Kikurya kama mimi ni mtu wa huku. Nikasema ndiyo. Watu wetu hawaishii hapo. Akauliza nimeolewa wapi.

"Itiryo," nikasema.

"Boma la nani?"

Jina la baba mkwe silitamki. Hilo nalo ni sehemu ya heshima. Nikamweleza kwa kuzunguka: yule mzee ambaye boma lake liko chini ya zahanati, ambaye fahali alimvunja jino, ambaye wanamsubiri kanisani. Sikumaliza. Mzee aliweka kalamu chini, akasimama, akaanza kurudi nyuma huku anaangalia dari. Alijigonga kwenye mlango, akaomba radhi kwa mlango, akatoka.

Nilibaki peke yangu na ruta. Kule nje nikamsikia akihema.

"Mlinzi," akasema, "mwambie huyo mama kwamba mimi na baba mkwe wake ni rika moja. Tulitahiriwa msimu mmoja. Huyu ni mkwe wangu."

Na ni kweli. Kwetu watu waliotahiriwa pamoja ni kitu kimoja. Mke wa mtoto wa mmoja ni mkwe wa wote. Mtu yule alikuwa amesoma kuliko mimi, amekaa mijini miaka, ana koti na miwani, na bado miguu yake ilimtoa chumbani kabla kichwa hakijaamua. Na mimi wa Sirari, niliyejidai nimelegeza, nilikuwa nimeshageuza uso ukutani bila kujijua.

"Mwambie pia," mzee akaendelea, "asiwe na wasiwasi. Tutampeleka kwa mtahini mwingine, kikao kijacho."

Kikao kijacho kilikuwa baada ya mavuno. Maksai walikuwa wanakwenda mnadani kesho. Niliwaona kwa macho yangu wakipanda lori, nikamwona mume wangu akishuka kwenye lile shimo akiwa amefungwa kamba kiunoni, na jirani yetu aliyeshuka hivyo hivyo nikamkumbuka, na hapo mori ulinipanda.

"Mlinzi," nikasema, "mwambie mzee hivi. Mimi kikao kijacho sikitaki. Nimefanya mazoezi na kuku. Nimefanya na ndama. Sitoki kwenye chumba hiki mpaka nimepewa mtihani wangu, na kama mzee hawezi kuingia, basi atatafuta pa kulala, maana kompyuta zake ziko humu ndani na mimi."

Mlinzi alimweleza vizuri zaidi ya hapo, nadhani, kwa sababu mzee alijibu kwa utulivu.

"Mwambie kanuni inasema lazima nione mikono ya mtahiniwa ikifanya kazi. Nikikaa huku sitaiona. Nikija huko, anajua mwenyewe."

Mikono. Nililiangalia lile dirisha la nondo lililofunguka verandani. Nikakifungua kitenge kiunoni, nikapanda juu ya kiti, nikakifunga kwenye nondo za juu kikaning'inia mpaka nusu ya dirisha. Nikaisukuma meza mpaka ukutani, chini yake kabisa. Nikakaa. Uso wangu ulikuwa nyuma ya kitenge, na chini ya kitenge, kwenye uwazi, ilikuwa mikono yangu, koleo, na ruta.

"Mlinzi," nikasema, "mwambie mzee mikono haina uso."

Watahiniwa wenzangu walikuwa wamesogea wote verandani, hakuna aliyetaka kupitwa. Kisha nikasikia kiti kikiburutwa sakafuni, kikasimama upande wa pili wa dirisha, na mtu akakaa.

"Mwambie aanze na waya," mzee akasema.

Mtihani ulifanyika hivyo. Mzee anasema kwa mlinzi, mlinzi ananiambia mimi, ingawa wote watatu tulikuwa tunasikiana kama watu wa meza moja. Nilizipanga zile nyuzi za rangi, nikabana, nikapitisha waya chini ya kitenge, nikarudisha mkono. Mkono wa mzee ukaja baada ya wangu kuondoka, ukauchukua, ukaupima, ukaurudisha. Ulikuwa mzima. Mlinzi alikuwa ameshaingia kazini sawasawa, akawa anaongeza ya kwake. "Mzee anasema uunganishe pande mbili. Na mimi naona ufanye haraka kidogo, jua linampiga." Nikaunganisha. Kompyuta ya huku ikaita ya kule, ya kule ikaitika.

Kisha nikaambiwa nitoke kwa mlango wa nyuma ili mzee aingie akaharibu. Nilitoka, akaingia. Nilimsikia akichomoa na kuchomeka, na kwa kweli alikuwa na mkono mwepesi, hakuwa na furaha ya baba mkwe. Akatoka, nikaingia. Kosa la kwanza lilikuwa anwani iliyoandikwa vibaya, nililiona mapema. La pili waya umehamishwa tundu, nalo nikalipata. La tatu likanikataa. Kompyuta haiitiki, kila kitu kimekaa mahali pake, na taa za ruta zilikuwa zinatazama nje, upande wa mzee, kwa sababu mzee alikuwa ameigeuza ili aone. Kuigeuza ruta sikuruhusiwa. Niliwafikiria maksai, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe kwa mazoea.

"Kuku," nikasema, "taa ya tatu inawaka?"

Kule verandani watahiniwa wakaangua kicheko. Mlinzi akainama kwenye uwazi, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hapa hakuna kuku. Pumzika kidogo, unywe maji."

Lakini mzee hakucheka. Yeye ni mtu wa huku, na nadhani alielewa mara moja mwanamke wa Itiryo amejifunzia wapi kuongea na kuku.

"Mlinzi," akasema, "mwambie ya tatu imezima. Hilo si jibu. Hayo ni macho tu, na macho kila mtahiniwa anayo."

Ya tatu imezima, wakati waya uko mahali pake na mzima. Maana yake mlango wenyewe, yaani lile tundu la waya, ulikuwa umefungwa kwa amri, ndani ya ruta. Nikaandika amri ya kuufungua, nikasubiri, na sikuuliza tena, maana nilimsikia mlinzi akishangilia kabla kompyuta yangu haijaniambia chochote. Cheti kiliwekwa kwenye ukingo wa dirisha, kikawekewa jiwe kisipeperuke. Mkono wa mzee ulipoondoka, nikakichukua. Nilimshukuru kupitia kitenge na sikumwona tena.

Nilifika Itiryo jua bado liko juu. Maksai walikuwa wameshafungwa pamoja mtini, mume wangu amesimama nao na kamba mkononi. Nilimpa mama mkwe cheti, akakipeleka sebuleni. Tulisubiri. Mzee alikisoma polepole, nadhani alikisoma mpaka muhuri, kisha akasema kwa sauti ambayo majirani waliisikia kwamba maksai wafunguliwe, wapelekwe malishoni, na asiwepo mtu wa kumtajia mnada tena.

Mume wangu aliwafungua. Nilimfuata nyuma, nimejiandaa kwa ugomvi. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima kutoka Tarime, mengine makali. Tulipofika mwisho wa shamba alisimama, akaniuliza bila kugeuka kama hicho cheti kinaweza kufutwa.

"Hakifutwi."

"Hata huyo mtahini akibadili mawazo?"

"Hata akibadili."

Basi akakaa chini kwenye nyasi, mwanaume mzima, kamba ya maksai bado mkononi.

"Walinishusha siku moja wanionyeshe," akasema. "Sikufika hata katikati. Nilipiga kelele wakanipandisha, nikawaambia nimeona nyoka. Siwezi kushuka mle. Nikifumba macho naona zile kuta zinakuja."

"Sasa kwa nini ulikuwa unawang'ang'ania maksai?"

"Nilishasema mbele ya rika langu lote kwamba nashuka. Ningerudi vipi nyuma? Ilibaki wewe tu. Kila nikija nyumbani naomba Mungu nikukute umefika mahali, nakukuta bado hata taa haijawaka."

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Siku zote zile nimekonda kwa hofu, nimeunguza mboga, nimemchukia kwa lile swali lake la kipolisi, kumbe mwenzangu alikuwa anaulizia uhai wake. Nilitaka nimchape na ile kamba. Nikakaa karibu yake, nikamshika mkono, akaanza kulia. Maksai wakaingia kwenye mahindi ya jirani, na hakuna kati yetu aliyenyanyuka kuwafukuza.